Nightwish, Epica au Therion: uanze na nani kwenye metali ya sauti za opera?

Mtu akitaka kukuingiza kwenye metali ya simfoni, ile yenye okestra na mwanamke anayeimba kama yuko jukwaa la opera, atakutajia majina matatu kwa pumzi moja: Nightwish ya Finland, Epica ya Uholanzi, Therion ya Sweden. Kisha anakuachia mzigo. Unafungua simu, unakuta kila bendi ina albamu tisa au zaidi, wimbo wa kwanza unaoubonyeza una dakika 13, na katikati ya raha kuna mwanamume anaanza kunguruma. Wengi hukomea hapo na kusema muziki huu hauwafai, ilhali walianzia tu kwa bendi isiyo yao.

Kwa viungo, bendi hizi tatu ni ndugu. Magitaa yenye mkwaruzo mzito, ngoma kubwa inayopigwa kwa miguu yote miwili, okestra ya kweli au kinanda kinachoshika nafasi yake, kwaya, na sauti ya kike iliyofunzwa uimbaji wa klasiki. Kinachozitenganisha ni mahali sauti hiyo ilipowekwa. Kwa Nightwish ya miaka ya mwanzo, mwimbaji amesimama mbele peke yake na bendi nzima inamfukuzia. Kwa Epica, anajibizana na mtu. Kwa Therion, ni mmoja katika kundi, na unaweza kuipenda albamu mwaka mzima usijue jina la aliyeimba. Nitazilinganisha kwa kigezo hicho kwanza. Kasi, urefu wa nyimbo na mengineyo yatafuata nyuma yake.

Sauti ya opera inatafuta nini humu ndani

Mwimbaji wa opera hufunzwa kusikika juu ya okestra nzima bila maikrofoni. Hushusha zoloto, hupanua nafasi ya nyuma ya kinywa, huishikilia pumzi kwa mbavu na tumbo isitoke yote kwa mkupuo, na sauti inatoka nene, ya mviringo, yenye mtetemo. Kwenye metali maikrofoni ipo, kwa hiyo ile nguvu si ya lazima tena. Inayotakiwa ni rangi yake. Gitaa lenye mkwaruzo hujaza eneo la katikati la sauti, palepale anapoimbia mwimbaji wa pop, na mmoja wao inabidi ampishe mwenzake. Soprano anapita juu. Noti yake moja ndefu inaweza kutandazwa juu ya ngoma zinazokwenda mbio bila kukanyagana nazo. Pawa metali, tawi la metali lililopata sura yake Ujerumani katika miaka ya 1980 kupitia bendi kama Helloween, tangu mwanzo ilikuwa muziki wa kasi chini na kiitikio kirefu juu, na waimbaji wake wanaume walikuwa wanajitutumua kufika huko juu. Soprano anafika akiwa bado ana pumzi.

Hasara iko kwenye maneno. Irabu tunazitofautisha kwa mwangwi wa kinywa. Kwa mwanamke, mwangwi wa chini wa irabu i uko karibu na hezi 300 (yaani mitetemo 300 kwa sekunde), na wa a uko juu ya hezi 800 hivi. Do ya juu ya soprano ina hezi 1046. Noti ikishaipita miangwi hiyo, i na a zinasikika karibu sawa, hata mwimbaji awe na matamshi safi kiasi gani. Kwa hiyo ukishindwa kushika mashairi ya albamu za mwanzo za Nightwish, usimlaumu Tarja Turunen, mwimbaji wao wa kwanza, kwa Kiingereza chake. Lafudhi ya Kifini ipo, tena mimi naipenda, lakini kosa kubwa zaidi ni la fizikia. Kama kwako wimbo ni maneno kwanza, jambo hili peke yake litakusogeza kwa Epica au kwa Nightwish ya sasa.

Nightwish: mwimbaji mbele

Tuomas Holopainen alianzisha Nightwish mwaka 1996 huko Kitee, mji mdogo wa mashariki mwa Finland. Nia ya kwanza ilikuwa nyimbo tulivu za gitaa la kawaida na kinanda. Tarja, ambaye alikuwa anasomea uimbaji wa klasiki, alikuwa na sauti kubwa kuliko nyimbo hizo, na badala ya kumwambia apunguze, wakaukuza muziki. Asili hiyo inasikika mpaka leo katika albamu zao za zamani: bendi imejengwa kuzunguka sauti ya mtu mmoja.

Albamu ya kwanza, Angels Fall First ya mwaka 1997, iache kwa sasa. Ni ya watu wanaojitafuta. Oceanborn ya 1998 ndiyo pawa metali ya simfoni katika hali yake safi. Nyimbo zinakwenda mbio, kinanda cha Tuomas na gitaa la Emppu Vuorinen vinakimbizana kwa vifungu vya haraka vyenye harufu ya muziki wa baroki, na Tarja haimbi kitu kingine ila opera. Sikiliza mwisho wa Passion and the Opera. Maneno yanaisha, zinabaki "a" tupu, noti fupi zilizokatwa moja moja, zinarukaruka juu na kushuka huku ngoma haijapunguza mwendo. Huo ni uimbaji wa koloratura, mapambo ambayo masoprano wa opera huyafanyia mazoezi kwa miaka, na hapa umewekwa bila aibu katika rekodi ya vijana wa metali. Usipopenda dakika hiyo, hutaipenda Oceanborn. Ukiipenda, umepata nyumba. Onyo dogo tu: nyimbo mbili kwenye albamu hii zina mngurumo wa mgeni, Tapio Wilska, kwa hiyo usishtuke.

Wishmaster ya mwaka 2000 ni ileile iliyopigwa pasi: sauti safi zaidi, viitikio rahisi kushika, ukali umepungua kidogo. Mimi ningemwanzishia mtu Oceanborn, lakini najua wengi wanaona kinyume, na wana hoja.

Kisha mambo yanabadilika. Mwaka 2001 anaingia Marko Hietala, besi na sauti ya kiume yenye mikwaruzo, na kwenye Century Child ya 2002 okestra ya kweli inachukua nafasi iliyokuwa ya kinanda. Once ya 2004 ilirekodiwa na okestra na kwaya jijini London, na hapo utasikia Tarja ameanza kushusha opera: nyimbo kadhaa anaimba kwa sauti ya chini, karibu na pop, mtetemo ukiwa umebanwa. Ndiyo albamu rahisi kuliko zote kumwekea mtu mgeni, na ndani yake kuna Ghost Love Score, wimbo wa dakika 10 ambao nitaurudia sasa hivi.

Tarja aliondolewa Oktoba 2005. Baada ya onyesho la Helsinki, wenzake walimkabidhi barua, kisha wakaiweka wazi mtandaoni. Onyesho hilohilo ndilo lililotolewa mwaka 2006 kwa jina la End of an Era. Anette Olzon aliyemfuata, kuanzia 2007 hadi 2012, haimbi opera kabisa. Dark Passion Play na Imaginaerum ni albamu nzuri, ila kama kilichokuleta ni sauti za opera, ruka.

Tarja au Floor?

Hapa ndipo mashabiki hugombana, na kwa mtu anayechagua ni ulinganisho mtamu kuliko wote kwa sababu wimbo ni uleule. Chukua Ghost Love Score ya End of an Era, ya Tarja Helsinki mwaka 2005. Weka pembeni yake ile ya Showtime, Storytime, iliyorekodiwa tamasha la Wacken, Ujerumani, mwaka 2013, Floor Jansen, aliyechukua nafasi ya Anette, akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja na bendi. Sikiliza zote mbili siku moja.

Tarja anauimba kama aria, ule wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera. Noti zimeungana, rangi ya sauti haibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho, mtetemo uko palepale, na hisia inapatikana kwa kuongeza au kupunguza nguvu tu. Kuna utulivu fulani ndani yake hata kwaya inapopasuka. Floor anaanza karibu na kunong'ona, anaingia kwenye sauti ya kifua yenye ukali wa roki, anapanda kwenye opera pale tu anapoihitaji, na mwishoni kabisa anaupeleka wimbo juu kuliko ulivyoandikwa, watu wanalia. Floor ni Mholanzi aliyeiongoza After Forever kwa sauti za klasiki kabla ya kuja Nightwish, kwa hiyo opera si kitu alichojifunza njiani. Anachagua tu lini aitoe.

Hukumu yangu: kwa kuusikia wimbo mara moja, Floor anashinda. Kwa kuishi na albamu, Tarja. Sauti ya Tarja ina ugeni ambao huuzoei, na ugeni huo ndio ulioifanya bendi ifahamike. Ila fahamu kwamba kwenye albamu za studio za Floor, yaani Endless Forms Most Beautiful ya 2015, Human. :II: Nature. ya 2020 na Yesterwynde ya 2024, opera ni kidogo mno. Ya kwanza ina sauti ya mwanabiolojia Richard Dawkins akisoma, na inafungwa na wimbo wa dakika 24 kuhusu historia ya uhai. Ya pili ina diski nzima ya pili iliyoachiwa okestra. Ni Nightwish iliyokua kuelekea muziki wa filamu, na kasi ya pawa metali imebaki kwa nyimbo chache. Anayemtaka Floor wa opera arudi nyuma hadi Decipher ya After Forever, ya mwaka 2001.

Epica: mabishano

Uholanzi ni nchi ndogo na metali yake ya simfoni ni ndogo zaidi: mtu aliyeanzisha Epica mwaka 2002, Mark Jansen, alikuwa ametoka After Forever, bendi ileile ya Floor. Alichokibeba kutoka huko ni wazo la sauti mbili zisizopatana. Yeye ananguruma, Simone Simons anaimba kwa uzuri, na kwaya inaingia katikati yao, mara nyingi kwa Kilatini. Nyimbo nyingi zinahusu dini na matumizi mabaya ya dini, fahamu ya binadamu, fizikia. Kuna mfululizo wa nyimbo ulioanzia kwenye albamu ya kwanza ya After Forever na kuendelea ndani ya Epica, sura juu ya sura.

Tofauti ya kwanza utakayoisikia baada ya Tarja ni kwamba Simone ni mezo-soprano. Sauti yake imekaa chini kidogo, ina joto, na maneno yanasikika. Haimbi kukushangaza kwa urefu wa noti. Kazi yake katika wimbo ni kuwa upande wa pili: Mark anamaliza kifungu cha hasira, magitaa yanakatika, halafu sauti ya Simone inaingia juu ya nyuzi za fidla, nyepesi kabisa. Epica wanaijua hila hiyo na wanaitumia mno. Inafaulu karibu kila mara.

Swali la kujiuliza kabla ya kuichagua Epica ni moja: mngurumo unakukera kiasi gani? Kama unakukera kidogo, anza na Consign to Oblivion ya 2005, ambamo mngurumo ni mchache na kwaya ndiyo inayobeba uzito. Mada yake inachota kutoka kwa ustaarabu wa Wamaya. Kama unakukera kabisa, usijilazimishe, nenda Nightwish au Therion. Kuna wanaosema "utazoea". Wapo waliozoea, lakini muziki haujawahi kuwa adhabu, na bendi ziko nyingi.

Kama mngurumo haukusumbui, albamu ya kwenda nayo ni Design Your Universe ya 2009. Mpiga gitaa Isaac Delahaye alikuwa ameingia, na pamoja na mpiga ngoma Ariën van Weesenbeek wote wawili walitoka God Dethroned, bendi ya metali kali. Magitaa yanaacha kuwa sakafu ya okestra na kuanza kusema yenyewe. Humo ndimo ulimo Kingdom of Heaven, wimbo wa zaidi ya dakika 13, na ukitaka kujua kama Epica ni bendi yako, huo ndio mtihani. Una vituo vingi, kila kituo kina sauti nyingine mbele: kwaya, Mark, Simone peke yake na kinanda, gitaa bila mtu, halafu wote kwa pamoja. Mwenye kupenda wimbo uwe na kiitikio kinachorudi mara tatu na kwisha atachoka kabla ya nusu.

Albamu za baadaye, The Quantum Enigma ya 2014, The Holographic Principle ya 2016 na Omega ya 2021, zimejaa zaidi. Omega ina okestra ya Prague. Ni kazi ya ustadi mkubwa, ila zimebanwa: kila kitu kiko juu wakati wote, na mtu asiyezoea anachoka masikio baada ya nusu saa. Simone mwenyewe huko mbele anachanganya opera na uimbaji wa kawaida zaidi kuliko alivyofanya kwenye The Phantom Agony ya 2003.

Therion: kwaya ndiyo mwimbaji

Christofer Johnsson alianza Therion mwishoni mwa miaka ya 1980 kama bendi ya metali ya kunguruma, na kadiri miaka ilivyokwenda alijitoa kwenye maikrofoni na kuwaachia waimbaji wa klasiki. Theli ya 1996 ilikuwa daraja. Kuanzia Vovin ya 1998, wanaoimba ni soprano, alto, tenori na besi, mara mmoja mmoja, mara wote, na magitaa chini yao yanapiga mipigo ya heavy metali ya kizamani, mepesi kuliko ya Epica.

Kwa unyoofu, Therion siyo pawa metali kwa maana kamili. Kasi ni ya wastani. Lakini kama unachokitafuta ni opera hasa, yaani sauti nyingi zinazojibizana, hakuna bendi inayokupa kwa wingi namna hii. Secret of the Runes ya 2001 imejengwa kwa dunia tisa za hadithi za kale za Wanordiki, kila dunia wimbo wake, na kwaya inaziongoza zote. Haina nyota. Wapo waliosikia ubaridi ndani yake kwa sababu hiyo. Mimi nasikia nafasi. Sauti zinapishana bila mtu kupigania kusikika, na unaweza kuiacha ikipiga huku unafanya kazi nyingine, jambo ambalo kwa Epica haliwezekani.

Anayetaka Therion kubwa zaidi achukue Lemuria na Sirius B, zilizotoka pamoja mwaka 2004 zikiwa na okestra na kwaya ya Prague. Usianze na Beloved Antichrist ya 2018. Ni opera kamili ya diski tatu na takriban saa tatu, yenye wahusika na matendo, na bila kufuatilia kitabu chake cha maneno utajikuta katikati ya nyimbo 46 hujui nani anamwambia nani nini.

Mtihani wa Miskolc

Bahati nzuri kuna mahali ambapo Epica na Therion unaweza kuzipima kwa mizani moja. Miskolc, mji wa Hungary, una tamasha la opera, na bendi zote mbili zilialikwa hapo kupiga na okestra na kwaya, nusu ya onyesho ikiwa muziki wa klasiki na nusu nyimbo zao. Therion walikwenda mwaka 2007, Epica 2008, na rekodi zote mbili zilitoka 2009: The Miskolc Experience na The Classical Conspiracy. Wote walipiga muziki wa mtunzi Dvořák. Wote waliimba Dies irae, shairi la Kilatini la misa ya wafu, ingawa Therion walichukua ya Mozart na Epica ya Verdi.

Anza na hizo Dies irae. Therion wanaicheza kama wageni waliokuja na heshima: kwaya ya Mozart iko mbele, gitaa linafuata mstari wa nyuzi bila kujitutumua. Epica wanaivamia. Verdi aliandika mapigo ya ngoma kubwa yanayotisha tayari, na Epica wanayachukua kuwa yao, bendi na okestra wakigonga pamoja. Uliyoipenda kati ya hizo mbili ndiyo bendi yako. Nusu saa imekutosha kujua, na diski iliyobaki itakuonyesha nyimbo zao zenyewe zikiwa na vyombo halisi.

Bendi za pembeni, kwa ufupi

Kama umemaliza Oceanborn na Wishmaster na unalia kwamba hazipo nyingine, Neverworld's End ya Xandria, ya mwaka 2012, iliandikwa kana kwamba kwa ajili yako. Ni Wajerumani, mwimbaji wakati huo Manuela Kraller, soprano kamili, na kasi imerudi. Wanaokosoa husema inafanana mno na Nightwish ya zamani. Inafanana, na kwa anayetafuta hicho hiyo ni sifa. Aliyemfuata, Dianne van Giersbergen, ana mafunzo makubwa zaidi ya klasiki, na Sacrificium ya 2014 ni nzito kidogo.

Amberian Dawn ya Finland, enzi za Heidi Parviainen, inamfaa mtu asiye na subira: River of Tuoni ya 2008 ina nyimbo fupi, nyingi za dakika tatu au nne, haraka, na baadhi zinachota kutoka Kalevala, utenzi wa Wafini. Edenbridge ya Austria ni laini kuliko zote. Visions of Atlantis, nao wa Austria, wana Clémentine Delauney akipokezana na mwanamume asiyenguruma, na Pirates ya 2022 ni furaha tupu, ingawa opera ndani yake ni kiungo cha hapa na pale tu.

Unasikilizia nini?

Muziki huu unaumizwa na spika ya simu kuliko aina nyingi za muziki. Spika ndogo haina besi, kwa hiyo ngoma ya mguu inageuka kuwa mlio wa kugonga, na katikati yote inajazwa na gitaa, kwaya na fidla kwa pamoja hadi vinakuwa uji. Sauti ya soprano peke yake ndiyo inayonusurika. Ndiyo maana Oceanborn inavumilika kwenye simu, wakati Omega haivumiliki. Hedifoni za kawaida zinatosha, hazihitaji kuwa za kifahari. Kinachosaidia ni kushusha sauti, kwa kuwa albamu hizi za karibuni tayari zimepandishwa mpaka mwisho studioni.

Jambo lingine: toleo la diski mbili la Dark Passion Play linakupa albamu nzima bila mwimbaji. Ni chombo kizuri kwa mtu ambaye bado hajui anachokipenda. Ukijikuta unaifurahia vilevile bila sauti, basi wewe ni mtu wa okestra, nenda Therion na diski ya pili ya Human. :II: Nature. Ukihisi kuna shimo, ni mtu wa sauti, rudi kwa Tarja. Na albamu zake mwenyewe baada ya Nightwish, kama My Winter Storm ya 2007 na What Lies Beneath ya 2010, zinamweka mbele zaidi, magitaa yakiwa yamepungua makali.

Na kama umepitia haya yote ukagundua kwamba okestra na magitaa unavitaka ila mtetemo wa opera unakuchosha, hilo nalo lina bendi zake. Within Temptation ya Sharon den Adel, hasa Mother Earth ya 2000 na onyesho la Black Symphony walilopiga Rotterdam na Metropole Orchestra likatoka 2008, ina kila kitu isipokuwa opera. Baada ya hapo jaribu Delain ya enzi za Charlotte Wessels.